Historia Uliyompa Wairimu Ukidhani Ni Daktari

Wairimu atasoma historia yako mbele ya shule nzima, wazazi wote, walimu wote, na watu wa bodi wakiwa wameketi kwa vile viti vya kitambaa, na yeye si daktari. Hajawahi kuwa wa udaktari, Mama Wekesa. Hata siku moja. Haya, nimeitoa. Sasa naweza kukusalimia.

Umeamkaje huko? Nakuuliza vile nilikuwa nakuuliza pale mferejini, wewe na ndoo yako, mimi na macho bado yamejaa usingizi. Hapa Ruiru tuko. Mwenye ploti hatimaye ametuwekea tangi la pili, lile alituahidi mpaka ukasema atalileta siku ya mazishi yako. Alikaribia. Nyumba yako ameingia kijana wa kutengeneza simu. Ana heshima, lakini anaanika jinzi zake kwa kamba yetu zikichuruzika maji juu ya shuka zangu, na sina mtu wa kumwambia "umemwona huyu?" Hiyo ndiyo shida yangu kubwa tangu uende. Naona kitu, nageuka upande wako niseme, na mlango ni wa mtu mwingine.

Nivumilie nikirukaruka. Sijatulia. Naandika kidogo, nasimama, nageuza chapati, naangalia barabara kama kuna mtu namngoja, narudi. Karatasi imejaa unga. Wateja wananiuliza, "Mama Wairimu, unaandika nini?" Nawaambia ni mambo ya shule ya mtoto, na si uongo.

Unakumbuka vile ilianza. Wairimu alikuwa gredi ya tisa, wakaambiwa wachague njia ya kuendelea nayo sekondari ya juu. Kuna ya sayansi, kuna ya sanaa na michezo, na kuna ile nyingine. Alirudi jioni akatupa mkoba kitandani akasema, "Mum, nimechukua Humanities." Sasa mimi nilifika darasa la nane, na darasa la nane langu lilikuwa zuri, uliza mtu yeyote kwetu, kwa hivyo human naijua. Human ni binadamu. Kesho yake Njoroge wa ng'ombe akapita kibandani kunywa chai akielekea Kalimoni. Pikipiki yake ina lile sanduku limeandikwa Animal Health, na Ruiru yote inamwita Daktari. Nikaangalia lile sanduku. Nikafikiria. Nikaona mwanga. Huyu ni wa animal. Wangu ni wa human.

Ni nani angenilaumu? Nilikuja kwako mbio na mikono ina unga. Na wewe ulikuwa umenichosha na Wekesa wako. Wekesa injinia, Wekesa yuko chuo kikuu Juja, Wekesa ametengeneza mashine ya kukausha mahindi. Hata tukiongea bei ya nyanya, Wekesa ako ndani. Siku hiyo nilisimama mlangoni pako nikasema, "Wako atajenga daraja. Wangu atakutibu ukianguka kutoka hapo." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ukanipa jina ambalo lilinishika kuliko la ubatizo. Mama Taktari. Nikikuambia ni daktari si taktari, unaniambia kwanza nijifunze kutenganisha kura na kula, ndipo nije kuwafundisha Wabukusu.

Ploti ikakubali. Kanisa likakubali. Mtoto hajavaa hata sare ya shule mpya na tayari Shosho Wambui wa nyumba ya kona amemwonyesha goti. Mama Kim akamletea dawa za presha za mume wake aziangalie kama ni zile. Wairimu akaniuliza, "Mum, mbona watu wananionyesha miguu?" Nikamwambia ni mapenzi. Akasema, "Mimi si wa kutibu watu." Mimi nikasikia: bado. Nikafikiri ni unyenyekevu, maana nimemlea vizuri yule mtoto, hajisifu. Sijui alimfuata nani.

Halafu ukaugua. Sitaki kukaa sana hapo. Zile figo, ile wadi ya wanawake kule Thika, kile kitanda cha dirishani ulichopigania kama kiti cha mbele kanisani. Wairimu alikuwa amefunga shule kwa ile midterm ya muhula wa kwanza, akawa anaenda nami. Nakuletea uji, nakaa kidogo, nakimbia kibandani, yeye anabaki. Na vile niliringa, mpaka kwa manesi. Nikitoka naonyesha kwa kidevu, "Huyo msichana pale ni wetu." Wanatingisha kichwa. Walikuwa na heshima.

Kile mlikuwa mnafanya mimi sikujua. Kumbe mwalimu wake wa historia, kasichana tu, wanamwita Madam Zawadi, alikuwa amewatuma kila mmoja atafute mtu mzima amwulize swali moja. Ulifikaje mahali unapoishi? Basi. Wairimu akachagua wewe. Na wewe ulikuwa umelala mahali ambapo kila anayekuja na kalamu anasema amekuja kuchukua history ya mgonjwa. Asubuhi koti jeupe, "Mama, nachukua history." Jioni koti lingine, history tena. Halafu mtoto wetu anavuta kiti, anatoa kalamu, anasema, "Anti, nataka historia yako." Na wewe unajua huyu ni taktari wa watu. Unajua kwa sababu mimi ndiye nilikuambia.

Basi ukampa. Ukampa yote, vile mtu anampa daktari, bila kuruka mahali panauma.

Siku yake ya mwisho kabla arudi shule nesi alikuja kubadilisha dripu, ukamwambia, "Huyu ndiye taktari wangu. Hajanichoma hata sindano, ameniuliza tu, na nimepata nafuu." Nesi akacheka. Wairimu hakucheka. Ndipo alielewa kwamba siku zote hizo hukuwa unamtania. Alitaka akuambie palepale, lakini ulikuwa umefunga macho, na yeye ni mtoto, akasema atakuambia akija tena. Wewe hukungoja aje tena.

Tulikusindikiza mpaka Bungoma. Kwenu ni kuzuri, hukuwa unadanganya, ingawa ulisema mawe ni makubwa kuliko vile nimeyaona. Wekesa alisoma wasifu wako kwa sauti ile yake ya darasani, akafika pale pa "mama alisahihisha hesabu zangu kila jioni," na Wairimu akanibana mkono mpaka kucha zikaingia. Nikafikiri ni huzuni. Nikamfunika na leso yangu.

Sasa nije kwa yale ya juzi, yale yamenitoa usingizi na utulivu.

Naibu wa mwalimu mkuu alinipigia simu niende shuleni kwao Thika. Nilifunga kibanda nikavaa ile nguo ya kijani, nikajua naitwa kupongezwa. Na kweli alianza na pongezi. Akasema mtoto wangu anaongoza Humanities yote, Madam Zawadi amechagua kazi yake isomwe siku ya wazazi, ni heshima kubwa. Nikakaa sawasawa kwa kiti. Halafu akasema, "Lakini mama, ana shida. Amekuja kwangu anaomba tusisome kazi yake, na pia ahamishwe aende sayansi. Anasema anataka kuwa daktari."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mwalimu, si ndiko yuko?"

Akaniangalia. Nikaona hajanielewa, nikamsaidia. "Humanities. Daktari wa binadamu. Si wa ng'ombe."

Mama Wekesa, yule mwanamume ni mwema, na Mungu amzidishie. Alitoa miwani akaipangusa muda mrefu sana, mabega yakitingika kidogo, halafu akanieleza polepole vile unamweleza mtu amefiwa. Historia. Jiografia. Dini. Vile watu walikuja, vile waliishi, vile waliamini, vile walikosana. Mambo ya watu, si miili ya watu. Nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtu yuko karibu kuuchukua. Nilifikiria goti la Shosho Wambui. Nilifikiria kanisa. Nikatamani sakafu iwe na mlango.

Akasema kwa sayansi bado nafasi iko na alama za kutosha mtoto anazo. Nimwambie uamuzi wangu kabla ya siku ya wazazi.

Hapo damu ikarudi. Nikasema ndani yangu, kumbe Mungu alikuwa ameipanga. Niseme ndiyo tu, na kila neno nililosema Ruiru linakuwa kweli, na hakuna mtu atawahi kujua. Wewe unanijua. Ile "ndiyo" ilikuwa juu ya ulimi imeshavaa viatu. Lakini kitu kikanivuta nguo nyuma. Nikaomba kwanza nikae na mtoto. Akapewa ruhusa ya wikendi.

Tulifika nyumbani. Nikamwekea ndengu na chapati, nikamwuliza kwa nini udaktari sasa, wakati mimi ndio kwanza nimejua si udaktari. Akasema, "Mum, mimi sitaki. Lakini nimemwibia Anti."

Nikamwambia aseme yote, na nilimwambia arudie, ndiyo maana naweza kukuandikia vile alisema.

"Nilikuwa nadhani historia ni vita na wafalme," akasema. "Unameza tarehe, unatema kwa mtihani, umemaliza. Wasee wa STEM, wale wa sayansi, wanatuita watu wa hadithi. Halafu Madam akasema hakuna mtu hana historia, nendeni muulize. Nikauliza Anti. Sasa siwezi kuacha. Nikiona mzee amekaa tu pale stendi ya Thika nataka kujua alifikaje pale. Nikiona jina la mtaa nauliza nani aliliweka. Watu wamekuwa wengi, Mum, kila mtu ako na mtu ndani. Naipenda hiyo kitu vibaya. Lakini Anti alinipa akidhani mimi ni daktari. Na daktari hasemi ya mgonjwa. Kwa hivyo ni kama nilimdanganya ndio anipe. Kama ndivyo hii kazi inafanywa, wacha niende huko kwa damu na mifupa. Huko angalau mtu anajua unamchukua nini."

Ni mtoto wa miaka kumi na sita. Alisema hivyo akiwa na ndengu kwa shavu.

Nikamwambia mwizi si yeye, mdomo ulioeneza udaktari ni huu wangu. Nikamwambia anisomee nisikie ni nini hiyo amechukua.

Akasoma. Kwamba ulikuja Ruiru na shangazi yako kuchuma kahawa msimu mmoja tu, na ulikuwa umemwachia jirani kuku wako ameatamia, ukamwambia utarudi kuwaona vifaranga. Hiyo sikuijua. Kwamba siku ya kwanza uliona zile kahawa nyekundu ukazitia mdomoni ukifikiri ni matunda ya kula, watu wakakucheka, na ukakasirika ukachuma kuwapita wote mpaka jioni. Hiyo ni wewe kabisa, nikacheka. Kwamba msimu uliisha na nauli ya kurudi ilikuwepo, na ulisimama barabarani, gari likaja, na hukupanda. Ulimwambia hujui kwa nini mpaka leo. Halafu mtoto akafika mahali akanyamaza.

Nikamwambia endelea.

Akasema, "Hapa ndipo."

Akasoma mstari mmoja, na hapo ndipo nilijua kwamba hukujua kusoma.

Nimesimama tena. Nimegeuza chapati ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Mama Wekesa. Mlango kwa mlango, miaka yote hiyo. "Nisomee hii mesej, miwani yangu imevunjika." Nasoma. Mwaka unaisha, unakuja na simu tena, miwani imevunjika. Ile miwani sijawahi kuiona hata siku moja ikiwa nzima. Kanisani unashika kitabu cha nyimbo, unageuza ukurasa nikigeuza wangu. Na mimi, yule mjanja wa darasa la nane, sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa wapi? Nilikuwa naongea. Na angalia sasa, nimekaa hapa nakuandikia barua, ukurasa juu ya ukurasa. Usijali, ninaisoma kwa sauti nikiandika. Kijana wa simu amepita akanitazama akaenda zake.

Nikamwambia Wairimu asome hata yaliyobaki hapo.

Akasoma vile Wekesa alikuwa akirudi kutoka shule ya msingi, unamwambia leta kitabu nikague. Unashika kalamu nyekundu. Unapitisha kidole kwa hesabu zake, moja baada ya nyingine, polepole, lakini macho hayako kwa kitabu, yako kwa uso wake. Kidole kikifika mahali ambapo uso umebadilika, unakisimamisha. "Hapa rudia." Na anarudia, na inatoka sawa. Ukamwambia Wairimu, "Hiyo usimwambie Wekesa. Yeye anajua mama yake alisoma."

Nililia chapati ikaungua. Na ile "ndiyo" ya kumpelekea naibu, sijui ilienda wapi, lakini ulimi haukuwa nayo tena. Mimi nilikaa karibu nawe muda wote huo, nikiwa na vicheko vyako vyote na uji wako wote, na sikukujua. Mtoto alikaa kwa kiti cha wadi na swali moja. Kama hicho si kitu cha kusomea, basi sijui watu wanaenda shule kufanya nini.

Lakini hatukuwa tumemaliza. Nilimwambia asome siku ya wazazi, akakataa. Nikamwambia twende kwa Wekesa tumwombe ruhusa, akakataa vilevile. "Anti alisema asiambiwe. Nikimwomba ruhusa nimeshamwambia." Alikuwa na haki.  Mimi nikafagia mahali nimefagia. Baba Wairimu akapiga simu akiwa barabarani na lori lake, nikamweleza yote, akasema mtoto asome anachotaka bora ale vizuri, akakata. Huo ndio msaada wake.

Ni Wairimu mwenyewe aliyeipata. Akasema atamwuliza swali, lakini halitakuwa na kile kitu ndani.

Wekesa alikuja Jumapili kutoka Juja. Amekonda, ana ndevu chache anazozipenda sana. Nilimpa kiti, chai, chapati ambazo haziungui. Wairimu akakaa mbele yake, magoti yakigongana, akasema, "Kaka, mimi si daktari. Mum yako alidhani mimi ni daktari, akaniambia kitu, akasema usijue. Nimeshindwa mahali pa kukiweka. Nikifunge kabisa ama unataka kukijua?"

Wekesa akakoroga chai. Sukari ilikuwa imeyeyuka kitambo, na bado anakoroga. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Ni ile ya kusoma?"

Alijua, Mama Wekesa. Alijua tangu darasa la tano. Siku moja aliandika upuzi mtupu kwa kitabu, majibu ya kutoka hewani, halafu akakaza uso kama sanamu. Ukapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, ukasema, "Leo umenifurahisha. Yote ni sawa." Akaenda akajifungia choo cha ploti, watu wakagonga mlango mpaka wakachoka. Alipotoka alikuwa ameamua. Kuanzia siku hiyo hakukaza uso tena. Pale ana shaka anaacha uso uonyeshe, hata anauongezea, ndipo usimamishe kidole. Alisema hata sasa huko Juja, akikagua hesabu zake peke yake, anajishika amekunja uso akingoja kidole.

Mlifichana kwenye meza moja. Wewe ukimwonea huruma, yeye akikuonea huruma, na hesabu zikitoka sawa.

Wairimu akamwuliza, na nilifikiri ni utundu, lakini ndiyo shule yake hiyo, "Kwa nini basi kwa wasifu ulisema alisahihisha?" Wekesa akasema, "Kwani nilidanganya? Alisahihisha." Halafu akamwambia, "Isome. Weka na yangu pia."

Halafu akanigeukia. "Na wewe, mama, Humanities ulidhani ni nini?" Nikamweleza, sanduku la Njoroge na yote. Alicheka akashika ukuta. Nikaenda jikoni nikakaa huko kidogo.

Kesho yake nikampigia naibu nikamwambia mtoto abaki pale pale alipo. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia aandike haraka kabla nibadilishe.

Kisha nikatembea. Afadhali waisikie kwangu. Nilianza na Shosho Wambui, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na goti langu?" Nikamwambia Wairimu anaweza kuliuliza lilifikaje hapo. Akasema hata hiyo ni sawa, hakuna mtu amewahi kuliuliza. Njoroge alifurahi kupita kiasi, akapiga sanduku lake kofi, "Basi Ruiru tumebaki na daktari mmoja." Kanisani nilisimama wakati wa matangazo. Watu walicheka, mimi nikacheka kwa nguvu kuwashinda. Usifikiri nimenyenyekea. Sasa nawaambia wa kukuuliza unaumwa wapi wako wengi, wangu ndiye atakuuliza wewe ni nani, na utajikuta unamjibu.

Ila Mama Kim aliniuliza, na hakuwa anacheka, "Sasa atafanya kazi gani?" Hilo ndilo linanisimamisha na kunikalisha.   Wairimu mwenyewe anasema labda mwalimu, labda wakili, labda kitu ambacho bado hakijapewa jina. Mimi napenda vitu vina jina. Na kuna lingine. Dada yako wa Bungoma ameambiwa na Wekesa, na hajasema amefurahi. Amesema atasikiliza kwanza. Itakuwaje akiona tumekuvua nguo mbele ya watu? Nimemwuliza Wairimu hilo. Amepunguza maneno mawili matatu, akarudisha moja, akaniambia, "Nitaisoma nikimwangalia yeye. Uso wake ukibadilika, nitasimama hapo." Sikumfundisha mimi.

Basi rafiki yangu, acha nikuache. Nakuahidi hakuna mtu atamtoa Wairimu mahali alipo, hata mimi siku nitakapochoka na maswali ya Mama Kim. Na Krismasi tutakuja Bungoma, akae hapo kando ya kaburi lako akusomee yote mwenyewe, na mimi nitanyamaza. Nitajaribu. Pumzika wewe uliyeweza kupumzika. Sisi huku tunapiga pasi nguo. Wekesa anatoka Juja na wenzake wawili, dada yako ameshakata tiketi, ploti yote inafunga milango, na Njoroge amesema ng'ombe wa Kalimoni watajitibu wenyewe siku moja.

Ni mimi, Mama Wairimu, wa mlango wa pili.

Nimeandika yote hayo na siku yenyewe ya wazazi sijakutajia. Ni Jumamosi hii.